Minyoo ambayo si minyoo: kopepodi vimelea na historia ya majina yao

Chukua samaki wawili. Wa kwanza ni wa maji baridi, jamii ya karpi. Wa pili ni wa baharini, kutoka Atlantiki ya Kaskazini, anaitwa kodi (hapana, siyo ile ya TRA). Kwenye ngozi ya yule wa kwanza unakuta kitu chembamba kama uzi kinaning'inia, kichwa chake kimezama nyamani. Kwenye matamvua ya yule wa pili unakuta kitu chekundu kilichojikunja kama herufi S, kimevimba kwa damu, na pembeni yake kuna mikufu ya mayai iliyosokotwa kama waya wa simu ya mezani. Ukiulizwa ni nini, utajibu kama karibu kila mtu anavyojibu: minyoo.

Carl Linnaeus naye alijibu hivyohivyo. Mwaka 1758, katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, yule wa karpi alimwita Lernaea cyprinacea. Mwaka 1767, katika toleo la 12, yule wa kodi akaingia kama Lernaea branchialis. Wote aliwaweka kwenye kundi aliloliita Vermes, yaani minyoo, kundi ambalo kwa kweli lilikuwa kapu la kutupia kila kiumbe laini kisicho na mifupa. Jina lenyewe, Lernaea, linatokana na Lerna, kinamasi cha Ugiriki ambako kwenye hadithi za kale aliishi Hydra, nyoka mwenye vichwa vingi. Linnaeus alipenda sana kuchota majina kwenye hadithi za Wagiriki, na warithi wake kwenye fani hii waliendelea na tabia hiyo: kuna Pandarus, kuna Cecrops, kuna Nemesis, wote ni vimelea vya samaki.

Sasa, hawa wawili si minyoo. Ni krustasia, yaani ukoo mmoja na kaa, kamba na uduvi. Na kuna jambo la kushangaza zaidi: hawa "ndugu" wawili wa jenasi moja, kwa uainishaji wa leo, hawako hata kwenye oda moja. Mmoja yuko oda ya Cyclopoida na mwingine oda ya Siphonostomatoida. Kila mmoja alifika kwenye umbo la mnyoo kwa njia yake mwenyewe. Makala hii ni kuhusu jinsi tulivyojua hilo, na kwa nini kuna watu wanapoteza pesa nyingi tukikosea.

Tuanze na jina la kundi zima. Copepoda, ambao kwa Kiswahili nitawaita kopepodi, ni jina lililotolewa na Mfaransa Henri Milne Edwards mwaka 1840. Limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: kope, yaani mpini wa kasia au kasia lenyewe, na podos, mguu. Mwenye miguu ya kasia. Msomaji wa Kiswahili akisikia "kope" anafikiria jicho, na kwa bahati nzuri yuko kopepodi mmoja anayetufaa hapo. Anaitwa Ommatokoita elongata, na makazi yake ni jicho la papa wa Greenland. Jike hujishikiza kwenye konea ya papa na kuning'inia hapo kama kope iliyoota mahali pasipostahili. Aliyemwelezea kwa mara ya kwanza, mwaka 1827, ni Robert Grant wa Edinburgh, mwalimu ambaye kijana Charles Darwin alikuwa akimfuata ufukweni miaka hiyohiyo kukusanya viumbe vya baharini. Na Grant alimpa jina gani? Lernaea elongata. Unaona? Kapu lilelile la Lernaea.

Kopepodi wengi unaoweza kuwaona kwenye tone la maji ya bahari ni wadogo mno, milimita moja au mbili, wana antena ndefu na wanaogelea kwa kurukaruka. Hao ndio chakula cha samaki wachanga. Lakini karibu nusu ya spishi za kopepodi zinazojulikana haziishi hivyo. Zinaishi juu ya wanyama wengine au ndani yao: kwenye samaki, matumbawe, majongoo bahari, sponji, hata nyangumi. Na maisha ya kimelea hubadilisha mwili. Kama hutembei, miguu ya nini? Kama damu ya mwenyeji inakufikia bila jasho, macho ya nini? Kizazi baada ya kizazi viungo vinapungua na kinachobaki ni mdomo, nanga ya kujishikizia, na kiwanda cha mayai.

Ndiyo maana Linnaeus hatumlaumu. Kwa mnyama mzima pekee huwezi kujua. Ushahidi uko kwa watoto. Mwaka 1832 Alexander von Nordmann, mzaliwa wa Finland, alichapisha kazi yake ya hadubini ambamo alieleza kinachotoka kwenye mayai ya "minyoo" hawa: kiluwiluwi kidogo chenye jozi tatu za miguu na jicho moja katikati ya paji la uso. Kiluwiluwi hicho kinaitwa nauplii, na ndicho kinachoanguliwa pia kwenye mayai ya kopepodi wa kawaida wanaoogelea. Mnyoo hazai nauplii. Kesi ikaisha, angalau kwa upande wa "ni mnyoo au siyo".

Kwa yule wa kodi, maisha yake ni kama tamthilia. Kiluwiluwi kinaogelea, kinamtafuta kwanza samaki bapa jamii ya gayogayo, kinajishikiza kwenye matamvua yake na kukua hapo. Dume na jike wanakutana palepale. Jike akishapandwa anaondoka, anaogelea tena kumtafuta kodi au jamaa zake. Akifika anaingia kwenye matamvua, anageuka umbo kabisa, kichwa chake kinapenya ndani kufuata mshipa mkubwa wa damu mpaka karibu na moyo, kisha kinaota matawi kama pembe za kulungu ili asing'oke. Nje kinabaki kile kiwiliwili chekundu. Dume hafiki huko. Kwa hiyo mtu aliyekusanya vimelea vya kodi peke yake asingeweza kamwe kuona dume, wala asingejua kwamba yule mdudu mdogo mwenye miguu kamili kwenye gayogayo ni huyuhuyu.

Tukija kwenye majina, hapa watu wengi huchoka, ila vumilia kidogo maana ndipo utamu ulipo.

Jina la kisayansi lina sehemu mbili, jenasi na spishi, halafu mara nyingi linafuatwa na jina la aliyelitoa na mwaka. Leo kimelea wa kodi anaandikwa Lernaeocera branchialis (Linnaeus, 1767). Yale mabano si pambo. Yanakwambia kwamba Linnaeus alitoa jina la spishi lakini aliliweka kwenye jenasi nyingine, na baadaye mtu mwingine akalihamisha. Kama hakuna mabano, spishi bado iko kwenye jenasi ileile ya mwanzo. Lernaea cyprinacea Linnaeus, 1758 haina mabano. Kwa hiyo ukisoma tu majina haya mawili, bila kujua lolote lingine, unajua ni nani kati yao alibaki nyumbani na nani alihama.

Kwa nini wa karpi ndiye aliyebaki na jina Lernaea? Kwa sababu kila jenasi ina spishi moja ambayo ndiyo nanga ya jina lake, tunaiita spishi kielelezo. Jenasi ikigawanywa, jina linabaki na upande wenye spishi hiyo, hata kama upande mwingine una spishi nyingi zaidi au ni maarufu zaidi. Nanga ya Lernaea ni cyprinacea. Basi wa baharini wakahamia jenasi nyingine, na yule wa kodi akapata Lernaeocera, jina lililotolewa na Mfaransa Blainville mwaka 1822, lenye maana ya Lernaea mwenye pembe.

Inaonekana rahisi, lakini kwa muda mrefu watu walitumia majina haya kinyumenyume. Ukifungua vitabu vya mwanzoni mwa karne ya 20 utakuta "Lernaea" ni wa kodi na "Lernaeocera" ni wa maji baridi. Andrew Scott, kwa mfano, mwaka 1901 alichapisha kitabu kinachoeleza anatomia ya "Lernaea", na anayemzungumzia kwa jina hilo ni yule wa baharini. Mwanafunzi akichukua takwimu za kitabu cha zamani na kuziunganisha na za makala mpya bila kuangalia mwaka, atapata kimelea wa maji baridi anayeishi Bahari ya Kaskazini. Majina yalirekebishwa kwa kufuata kanuni, lakini vitabu vya zamani haviwezi kujirekebisha vyenyewe.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Chalimus. Mwaka 1834 Mjerumani Hermann Burmeister alimwona mdudu mdogo aliyening'inia kwenye samaki kwa uzi mwembamba unaotoka katikati ya kichwa. Hakufanana na chochote, basi akampa jenasi mpya: Chalimus. Baadaye ikagundulika kwamba Chalimus hakuwa mnyama wa peke yake. Alikuwa mtoto wa Caligus, jenasi ambayo tayari ilikuwa na jina tangu 1785. Kanuni ya kwanza ya majina ni kwamba aliyetangulia ndiye mwenye haki, kwa hiyo Chalimus kama jenasi ikafa. Lakini neno lenyewe halikufa. Watafiti waliendelea kulitumia kama jina la hatua ya ukuaji: leo tukisema "yuko kwenye chalimusi" tunamaanisha kile kipindi ambacho mtoto amefungwa kwa uzi kwenye mwenyeji wake. Ni kama mtu akibatizwa jina, halafu ikaja kujulikana kuwa ni jina la darasa analosoma.

Usidhani hii ni michezo ya wasomi tu. Twende Norway.

Chawa wa samoni, Lepeophtheirus salmonis (Krøyer, 1837), ni kopepodi wa familia ya Caligidae, familia ileile ya Chalimus wetu. Anakula ngozi, ute na damu ya samoni, na kwenye vizimba vya ufugaji ndiye adui namba moja. Norway imeweka kikomo kisheria: kwa sehemu kubwa ya mwaka, wastani usizidi jike mpevu 0.5 kwa kila samaki, na wakati wa majira ya kuchipua, samoni wachanga wa porini wanapoelekea baharini, kikomo hushuka hadi 0.2. Mfugaji akizidisha lazima achukue hatua, na hatua hizo ni ghali. Sasa angalia: sheria haisemi "chawa", inasema jike mpevu. Ili kumtii mwenye sheria lazima uweze kutofautisha hatua za ukuaji.

Na hapo sayansi yenyewe ilikuwa imekosea hesabu. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba chawa wa samoni ana hatua kumi, nne kati yake zikiwa za chalimusi. Mwaka 2013 watafiti wa Norway, Hamre na wenzake, waliwafuatilia chawa kwa makini na kuonyesha kwamba hatua za chalimusi ni mbili tu. Jumla ni nane: nauplii mbili, kopepodidi moja, chalimusi mbili, vijana wawili, na mtu mzima. Mnyama aliyechunguzwa kuliko kopepodi kimelea mwingine yeyote duniani! Kama huyu tulimkosea, fikiria hao wengine ambao wanajulikana kwa sampuli mbili ndani ya chupa.

Mwaka uliofuata, 2014, ilipendekezwa kwamba chawa wa samoni wa Atlantiki na wa Pasifiki wahesabiwe kama nususpishi mbili, L. salmonis salmonis na L. salmonis oncorhynchi, kwa sababu vinasaba vyao vimetofautiana kwa muda mrefu ingawa kwa macho wanalingana.

Chile nako kuna funzo. Wafugaji wa samoni kusini mwa nchi hiyo walisumbuliwa na Caligus ambaye kwa muda alikuwa akiitwa Caligus flexispina. Mwaka 2000 Geoff Boxshall wa London na Sandra Bravo wa Chile walimchunguza upya, wakakuta siye. Alikuwa spishi ambayo haikuwa na jina, wakamwita Caligus rogercresseyi, kwa heshima ya Roger Cressey, mtaalamu wa Marekani. Maana yake ni kwamba taarifa zote zilizokuwa zimeandikwa kuhusu flexispina halisi, yaani anaishi kwa nani na anapatikana wapi, hazikumhusu mdudu aliyekuwa kwenye vizimba. Huwezi kutafuta kimelea amevamia kutoka kwa samaki gani wa porini kama hujui ni nani.

Sisi huku Afrika Mashariki hatufugi samoni, lakini tunafuga mwatiko kwenye mabwawa ya pwani, na Kusini-Mashariki mwa Asia ambako ufugaji wa baharini umeanza zamani, chawa wa jenasi ya Caligus ni tatizo linalojulikana. Kwa maoni yangu, wakati mzuri wa kujua tuna Caligus gani kwenye samaki wetu wa porini ni sasa, kabla mabwawa hayajawa mengi, siyo siku samaki wanaanza kufa.

Kuna kopepodi mmoja ambaye huhitaji hadubini kumwona. Mtazame vizuri sulisuli au nduaro aliyeshushwa sokoni, ubavuni. Ukiona kitu kama kijiti cheusi kimechomekwa mwilini, na mwisho wake una manyoya kama unyoya wa kuandikia, huyo ni Pennella. Kichwa kiko ndani ya nyama. Spishi inayoishi kwenye nyangumi, Pennella balaenoptera, hufika sentimita 30 na ushee, ndiyo kopepodi mkubwa kuliko wote. Linnaeus alipokutana na jamaa wa hawa, Pennella filosa, hata minyoo hakumfikiria. Yale manyoya yalimpeleka kwa "manyoya ya bahari", viumbe jamii ya matumbawe, akamwita Pennatula filosa. Baada yake watu waliendeleza kosa la aina nyingine: kila walipoikuta Pennella kwa mwenyeji mpya, walitoa jina jipya. Majina yakafika makumi. Tatizo ni kwamba umbo la mwili wake hutegemea sana amezama kwenye nini, ngozi nene ya mafuta ya nyangumi au msuli mgumu wa samaki, na ana umri gani. Wataalamu walipolinganisha sampuli nyingi, majina mengi yalionekana kuwa ya mnyama yuleyule. Mimi naona "mwenyeji mpya, spishi mpya" ni uvivu uliovaa koti la maabara.

Na hizo oda zilizotenganisha Lernaea wawili wa Linnaeus? Msingi wake ni mdomo. Mwaka 1859 Msweden Tamerlan Thorell, ambaye wengi wanamfahamu zaidi kwa buibui, aliwagawa kopepodi kwa jinsi midomo yao ilivyo. Wale wenye mdomo uliounganika kuwa mrija ndio asili ya Siphonostomatoida tunaowatambua leo. Chawa wa samoni, Pennella na kimelea wa kodi wote wamo humo. Miguu inaweza kupotea, mwili unaweza kuvimba, lakini mdomo hubaki na siri za ukoo. Ni wazo zuri na limedumu, ila si kila kipande chake. Kundi jingine la Thorell, Poecilostomatoida, lilikuwa oda kamili kwenye vitabu vingi mpaka Boxshall na Halsey, katika kitabu chao cha 2004, walipolimeza ndani ya Cyclopoida. Mwaka 2007 Rony Huys na wenzake walitumia vinasaba kuonyesha kwamba Monstrilloida, kopepodi wa ajabu ambao watu wazima wao hawana mdomo kabisa, wanaangukia katikati ya ukoo wa chawa wa samaki. Sasa unampangaje kwa mdomo mnyama asiye na mdomo? Mpaka leo si kila orodha imekubali kuifuta oda hiyo.

Kazi yenyewe ya kutambua spishi hufanywa hivi. Unamlainisha mdudu kwenye asidi laktiki mpaka awe kama kioo, unamchana kwa sindano nyembamba chini ya hadubini, mguu baada ya mguu, halafu unahesabu miiba na vinyweleo. Miiba inaandikwa kwa namba za Kirumi, vinyweleo kwa namba za kawaida, na fomula inayotokea ndiyo kitambulisho chake. Zbigniew Kabata, Mpolandi aliyefanya kazi Uskoti kisha Kanada, alichora viungo hivi kwa kalamu kwenye kitabu chake cha 1979 kuhusu kopepodi vimelea wa samaki wa Uingereza, na michoro ile bado iko mezani kwetu. Alienziwa kwa jina la Kabatarina, kopepodi wa kisukuku aliyekutwa kwenye matamvua ya samaki wa Brazili wa kipindi cha Kretasia. Karibu kwetu zaidi, Mmarekani Arthur Humes alipiga kambi Nosy Be, Madagaska, miaka ya 1960, akichunguza kopepodi wa matumbawe na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo. Katika maisha yake alitoa majina ya spishi takriban 700.

Watu huniuliza kama jina la kisayansi linaweza kuwa la Kiswahili. Linaweza. Kanuni zinataka herufi za Kilatini, hazitaki lugha ya Kilatini. Wataalamu wa visukuku wametutangulia: kutoka Tanzania kuna Asilisaurus kongwe wa mwaka 2010, na dinosaria Mnyamawamtuka moyowamkia wa mwaka 2019. Chawa wa changu au tasi hana sababu ya kusubiri mtu wa Copenhagen.

Kama ukikuta kopepodi kwenye samaki wako, kwanza usiogope, hawa hawaishi ndani ya binadamu. Piga picha kabla hujamgusa. Andika ni samaki gani na alikuwa sehemu gani ya mwili, maana "kwenye matamvua" na "puani" ni anwani mbili tofauti. Usimvute, kichwa kitabaki ndani na kichwa ndicho chenye mdomo. Kata kipande cha nyama pamoja naye. Mtie kwenye ethanoli kali, si formalini, kwa sababu formalini inaharibu vinasaba. Halafu chukua lenzi uangalie vizuri karibu na mikufu ya mayai ya jike. Katika familia kadhaa dume ni kitone kidogo tu kilichojishikiza hapo, na ni rahisi sana kumtupa ukidhani ni uchafu.